Ukuta wa Kurudishia Macho

Bibi yangu mzaa mama alifanya kazi ya kulisha samaki ambao hawakuwa wa kuliwa. Ukianza kumweleza mtu hivyo anakukatiza: wa mapambo? La, si wa mapambo. Walikuwa samaki wa kijivu, sura zao za kawaida kabisa, waliofugwa katika vyumba vya chini vya taasisi moja ya utafiti ili siku moja watolewe macho. Bibi aliwalisha, aliwabadilishia maji, aliwakemea walipogombana, na ilipofika zamu yao aliwabeba mwenyewe ndani ya ndoo hadi mezani kwa Daktari. Nyumbani hakugusa samaki. Alisema hawezi kumla mtu anayemjua kwa sura.

Naandika habari zake kwa sababu wanaomkumbuka wanamkumbuka kwa jambo moja tu, na jambo hilo ni mimi. Mimi sisikii. Nilizaliwa ninasikia, nikasikia kwa siku chache, kisha basi. Mkono wangu wa kushoto nao una mambo yake: ukiutuma kikombe unaweza kuleta kikombe, unaweza pia kuleta vigae. Watu walipotuona njiani, mimi na bibi, walitikisa vichwa, na sikuhitaji masikio kujua walichosema. Huyu ndiye yule mtoto, na yule ndiye aliyesema mtoto ni mzima.

Mazungumzo nitakayoyaweka hapa mengi nimeyapata kwa mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye hasahau neno la mtu hata kama halikuwa na maana tangu lilipotamkwa. Mengine nimeyapata kwa bibi mwenyewe, aliyenisemesha kwa mdomo mpana na ishara za kubahatisha. Bibi hakuwahi kujifunza ishara vizuri. Ishara yake ya "samaki" ilikuwa karibu sana na ishara ya "mwizi," na kwa miaka nilidhani analinda gereza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chini ya jengo kulikuwa na vyumba vitatu visivyo na madirisha. Kimoja kiliwaka taa nyekundu, cha pili kijani, cha tatu bluu, tangu asubuhi hadi jioni, na samaki wa kila chumba walianguliwa humo na kukulia humo bila kuona rangi nyingine. Daktari, mwanamke mpole aliyekuwa akisahau kula, alitaka kujua kama jicho lililokulia kwenye rangi moja linajijenga sawa na jicho lililokulia juani. Hilo tu. Bibi alipoulizwa na majirani serikali inapata faida gani kwa kujua hilo, alijibu kwamba hata yeye hajui faida ya majirani.

Alinifundisha jicho la samaki kwa kitunguu. Ukila samaki aliyepikwa, ndani ya jicho lake unakuta kile kigololi kigumu cheupe ambacho watoto hukitema. Samaki akiwa hai, kigololi hicho ni kioo safi, mviringo kama shanga. Lenzi ya jicho la mtu ni bapa na laini. Mtu akitaka kuona karibu inajibinua, akitaka kuona mbali inajinyoosha. Ya samaki ni ngumu, haijibinui. Kwa hiyo kuna kamsuli kadogo kanakoivuta mbele na nyuma, kama mtu anayesogeza kiti chake ili aone vizuri. Tena si kioo cha namna moja. Ina matabaka, katikati gumu na nje laini zaidi, na hapo ndipo bibi alipokikata kitunguu na kunionyesha pete zake huku macho yakimtiririka.

Shida ya mwanga, alisema, ni kwamba rangi zake hazipindi sawa. Bluu hupinda upesi, nyekundu huchelewa. Gololi ya kawaida ya kioo ingezikusanya kila moja mahali pake, na samaki angeona ukungu wenye kingo za rangi. Ndiyo maana kwa samaki wengi kila pete ina kazi yake: hii inaikusanya nyekundu, ile inaikusanya bluu, na mwisho zote zinaangukia pamoja nyuma ya jicho. Sijui ni maneno ya Daktari kiasi gani na chumvi ya bibi kiasi gani. "Kama watu wa ukoo mmoja," aliongeza, "kila mtu ana njia yake, lakini wanakutana mezani." Ukoo gani huo, sijui. Wetu haukuwa hivyo.

Basi, macho ya watu waliofanya kazi mle yalikuwa na matatizo yake. Ukikaa kwenye mwanga wa bluu kwa muda, jicho linaizoea bluu hadi linaipuuza, na ukitoka nje kila kitu kinakuwa cha manjano: karatasi, meno ya watu, mawingu. Ukitoka chumba chekundu, dunia inageuka kijanikijani. Ukitoka cha kijani, kila mtu ana mashavu ya bibi harusi. Ni jambo la kupita, likiachwa kidogo linajiondokea, lakini mgeni wa kazi hajui.

Bibi alipokuwa mgeni wa kazi alitoka chumba cha bluu na kukutana uso kwa uso na mlinzi wa jengo, mwanamume mnene mwenye maneno mengi. Akashtuka.

"Baba, macho yako yamekuwa ya manjano! Hilo ni ini hilo. Usikae hapa, nenda hospitali."

Mlinzi ni mtu wa utani, ila utani wake huishia kwenye afya yake mwenyewe. Alikwenda hospitali mbio. Akatobolewa, akapimwa, mkewe akalia, kaka yake akasafiri kutoka mbali akiwa amejiandaa kwa lolote. Waganga wakamwambia ana ini la kumtosha yeye na kaka yake, arudi kazini. Tangu siku hiyo bibi akaitwa Mama Manjano. Jina lilipanda ngazi hadi ghorofa za juu, kwa watu ambao hawakujua hata anafanya kazi gani. Akipita wanajishika mashavu: "Mama Manjano, vipi, nitafika jioni?"

Daktari hakucheka sana. Alipaka chokaa ukuta uliokuwa nje ya mlango wa bluu, akaweka benchi mbele yake, na akatoa amri moja: ukitoka ndani, kaa hapo uutazame ukuta mpaka uwe mweupe. Kabla haujawa mweupe usiandike rangi ya kitu, usivuke barabara, usimwambie mtu anaumwa. Wafanyakazi wakauita ukuta wa kurudishia macho. Bibi aliupenda. Alisema palikuwa mahali pekee duniani alipolipwa kwa kukaa.

Lakini lile jina lilimwingia. Alicheka na wenzake, maana ungefanya nini, ila nyumbani alimwambia mama mdogo, "Mimi na rangi za watu basi. Mtu akipita mbele yangu ana rangi ya zambarau, nitamwambia habari za asubuhi." Ilikuwa ni mzaha, na pia haikuwa mzaha. Mwanamke yule hakuwa amesoma sana, alikuwa ameingia jengo la wasomi kwa mlango wa nyuma akiwa na ndoo, na kitu cha kwanza alichojulikana nacho ni kuchekesha.

Nikazaliwa mimi. Mama ndiye mtoto wa kwanza wa bibi, na mimi nilikuwa mtoto wa kwanza wa mama. Baba alikuwa dereva wa lori, yuko safarini. Bibi alinibeba hospitali, akanibeba nyumbani, halafu ruhusa ikamwishia akarudi kwa samaki wake.

Siku chache baadaye, jua likiwa kali, mama alinifunga kwenye shuka akatembea hadi kwenye taasisi. Mama mdogo alifuatana naye akiwa amebeba mfuko wa nepi. Kwa jinsi hadithi hii ilivyosimuliwa nyumbani kwetu miaka yote, mama alikwenda kumwonyesha bibi mjukuu na kuwaringia wafanyakazi wenzake. Mlinzi aliwashusha mwenyewe hadi chini, akawakalisha kwenye lile benchi. Bibi alitoka chumba cha bluu akiwa na kopo la chakula mkononi, akawakuta.

"Jamani, mzazi ametoka nje na jua hili!"

"Mama, hebu mwangalie mtoto."

"Si nilimwacha juzi? Pua yangu hiyo."

"Mwangalie vizuri. Macho yake. Unamwonaje?"

Bibi aliinama akanifungua kope kwa kidole. Mama mdogo anasema alikaa hivyo kwa muda, na mlinzi, ambaye hangeweza kuona kimya bila kukijaza, akapiga makofi.

"Mama Manjano, usianze! Usije ukamlaza hospitali hata mtoto mchanga!"

Watu wawili waliokuwa wakipita na masanduku wakaangua kicheko. Bibi naye akacheka.

"Mimi saa hizi hata wewe nakuona wa manjano, mwanangu," akamwambia mama. "Hata huo ukuta. Mtoto mzima huyo. Mnyonyeshe tu."

"Una hakika, mama?"

"Nimelea wanne, niwe na hakika gani tena?"

Akambusu mama kwenye paji la uso, akachukua kopo lake, akaingia chumba chekundu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa zamu iliyofuata. Hakukaa kwenye benchi. Benchi lilikuwa limekaliwa na sisi. Mama alitoka pale, anasema mama mdogo, akitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Nilipofika nyumbani nikalala. Nikalala mno. Sikutaka kunyonya, na majirani wakasema mtoto mpole huyo, bahati yenu. Kesho yake jioni nikaanza kulia kwa sauti nyembamba isiyokatika, nikajikunja kwa nyuma hadi kichwa kikakaribia visigino, na hapo ndipo waliponikimbiza hospitali. Kule hawakuuliza maswali mengi. Mtoto akiwa na manjano kiasi kile, sumu yake inapanda kichwani, na ikishapanda haishuki kwa chochote. Walinibadilisha damu. Wakanilaza uchi, macho yamefungwa kitambaa, chini ya taa.

Bibi alifika akitokea kazini moja kwa moja. Alipoufungua mlango wa ile wodi akaona mwanga wa bluu umejaa chumbani, bluu kama ile aliyoiacha muda huohuo, na mimi katikati yake kama mmoja wa samaki wake. Alimuuliza muuguzi taa ile ni ya nini. Muuguzi akamwambia ndiyo dawa. Mwanga wa bluu unaivunja ile manjano mwilini mwa mtoto. Bibi akakaa chini, sakafuni, pale mlangoni, watu wakawa wanamruka.

"Ninao mwanga huo," alikuwa akisema. "Ninao tele. Nilikuwa nawamwagia samaki."

Baadaye Daktari alimweleza kwamba taa zile hazikuwa za aina moja, kwamba angenilaza kwenye chumba chake mwaka mzima nisingepona, asijitese. Alimweleza mara nyingi na kwa subira. Bibi alimsikiliza kwa heshima na hakuamini hata neno.

Nikabaki hai. Ilipojulikana kwamba nimebaki hai bila masikio, mama hakupiga kelele, hakumtukana mtu. Aliacha tu kumwita bibi "mama." Hatukuwa na pa kuhamia, baba akiwa nje wiki nenda rudi, kwa hiyo waliishi nyumba moja, jiko moja, kamba moja ya kuanikia nguo, na mama hakumsemesha mama yake neno la moja kwa moja. Alilipitisha kwangu.

"Mwambie bibi yako chakula tayari."

"Mwambie bibi yako mvua inakuja, aanue nguo zake."

Mimi, ambaye nilikuwa sisikii! Mtoto wa kutambaa, kisha wa kusimama, ninatazama mdomo wa mama ukichezacheza mbele yangu, halafu nageuka na kumwona bibi tayari anaamka kuanua nguo. Kwa muda mrefu nilidhani ndivyo maneno yanavyofanya kazi: lazima yapite kwa mtu wa tatu. Mama alikuja kujifunza ishara vizuri kuliko mzazi yeyote pale shuleni kwetu, akanifundisha kusoma, akapigana na walimu, akanitetea hadi sauti ikamkauka. Hakuna siku aliyonionea aibu. Namwambia msomaji hivyo asije akamwona mama ni mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema mwenye jiwe moja, na jiwe hilo alimwekea mtu mmoja.

Bibi alimwomba msamaha waziwazi mara moja, mimi nikiwa bado mdogo. Alisimama mlangoni pa jiko, mikono ameifunga nyuma kama mwanafunzi.

"Mwanangu, nisamehe. Nilikosa."

Mama aliendelea kukoroga chungu. Kisha akaniinamia.

"Mwambie bibi yako maji yake ya kuoga yamechemka."

Tangu hapo bibi alikuwa na haja moja tu duniani, na kila mtu nyumbani aliijua, mama akiwa wa kwanza: aitwe tena mama na mtoto wake wa kwanza, kabla hajafa. Wale wengine watatu walimwita kila siku, hata kwa mambo ya kipuuzi. Haikumsaidia.

Aliendelea na kazi. Watu walishangaa, lakini mtu hali hisia. Mlinzi aliacha kumwita Mama Manjano. Aliacha kumwita chochote, akawa anamfungulia lango huku akitazama kwingine, na bibi alisema alitamani lile jina kuliko ule ukimya. Ilipofika siku ya kumaliza utafiti, aliwabeba samaki wa vyumba vyote vitatu, ndoo baada ya ndoo. Daktari alizitoa zile gololi moja moja, akaziweka kwenye maji, akapitisha uzi mwembamba wa mwanga kuona kila pete inaupeleka wapi. Bibi alisimama nyuma yake na ndoo tupu.

"Hawa wa bluu," akauliza, "walikuwa wanaona nini?"

"Sijui bado, mama. Nipe muda."

Muda ulipita. Daktari akahamishiwa taasisi nyingine, vyumba vikawa stoo ya viti vilivyovunjika, bibi akaambiwa asante na kwaheri. Jibu halikumfikia. "Nimewalisha na nimewaua," aliwahi kuniambia, "na sijui waliona nini." Nilikuwa na hasira naye wakati huo, umri ambao mtoto anahesabu alivyonyimwa, na siku hiyohiyo nilimuuliza lililokuwa likinichoma. Nilimuuliza kwa maandishi kwenye vumbi la dirisha, maana ishara angejifanya hazijui: ULIONA?

Alilifuta neno kwa kiganja. Halafu akaupanua mdomo wake ili nisikose.

"Ukuta ulikuwa wa manjano. Mama yako alikuwa wa manjano. Lakini wewe ulikuwa wa manjano kuliko ukuta."

"Kwa nini hukusema?"

"Walikuwa wananicheka."

Nilimchukia siku ile. Nasema ukweli. Kucheka kwa watu wawili wenye masanduku ndiko kulikoninyima sauti ya mvua! Nilikaa wiki nzima bila kumtazama mdomoni, na mtu kama mimi asipokutazama mdomoni, amekufungia mlango. Hasira ikaisha yenyewe, kidogo kidogo, kwa sababu mimi pia nimechekwa sana maishani, na najua mtu hufanya nini ili kicheko kiishe. Hufanya chochote.

Alipozeeka miguu ikamvimba, pumzi ikawa fupi, akaanguka kitandani asiamke. Moyo, wakasema. Mama ndiye aliyemuuguza. Mama mdogo na wengine walikuja na kuondoka, wakaleta matunda na ushauri; mama alibaki. Alimwogesha, alimgeuza, alimkata kucha, alimpaka mafuta migongo ya miguu iliyovimba, vyote hivyo kwa mikono laini mno, na bila kumsemesha. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari, nina kazi yangu ya kurekebisha cherehani, lakini nilirudi kulala pale nyumbani, kwa sababu bila mimi hapakuwa na wa kuambiwa "mwambie."

Asubuhi moja mama alikuwa jikoni akisubiri maziwa ya bibi yapate moto. Ghafla akaniashiria, bila kugeuka vizuri, mikono yake ikiwa chini karibu na tumbo, namna mtu anavyonong'ona kwa ishara.

"Nilikuona kabla yake."

Sikuelewa. Akarudia.

"Manjano. Niliiona mimi kwanza. Asubuhi ile, dirishani, kwenye mwanga mzuri kabisa. Muuguzi alikuwa ameniambia wakati wa kutoka: akiwa wa manjano, mrudishe haraka."

"Kwa nini hukunirudisha?"

"Mwenzangu wa kitanda cha pili alitoka mle wodini bila mtoto. Nilimwona akifunga nguo ndogo kwenye mfuko. Sikutaka kurudi mle. Nilikupeleka kwa bibi yako ili aniambie hapana. Nilijua ametoka chumba cha bluu. Nilijua nitaambiwa nini."

Nikamtazama mwanamke huyu aliyenipigania duniani kote. Miaka yote hiyo, nyumba moja, jiko moja.

"Mwambie," nikamwashiria.

"Siwezi."

Nikaenda chumbani kwa bibi peke yangu. Alikuwa macho, ameegemezwa mito mitatu. Nilikaa kitandani nikatafuta ishara rahisi, zile chache alizozijua: mama, jicho, mtoto, kwanza. Alinitazama nikihangaika hadi akanionea huruma.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Mzazi mbichi hatoki kitandani akatembea juani kote kule ili nimwone mtoto pua." Akapumzika, akavuta pumzi. "Alikuja na hofu. Niliiona hofu yake kabla sijakuona wewe. Nikamtoa hofu. Ndiyo kazi niliyoifanya."

"Na hukumwambia? Amekunyima jina miaka yote hii!"

Nilitazama mdomo wake kwa macho yangu yote.

"Alikuwa na mtoto wa kulea. Mtu akiwa na wa kumlaumu, asubuhi anaamka, anafanya kazi. Akijilaumu mwenyewe, haamki. Nilitaka aamke."

Nikarudi jikoni. Mama alikuwa amemimina maziwa kwenye kikombe. Alinitazama usoni, na nadhani aliona nimejua kitu, kwa sababu alifanya haraka lile alilolizoea. Aliashiria kwa mkono mmoja, kikombe kikiwa katika mkono wa pili: "Mwambie bibi yako maziwa tayari."

Nikaweka mikono yangu nyuma. Kisha nikaitoa.

"Mwambie mwenyewe. Anajua. Amejua siku zote, na amekubebea."

Alisimama pale mpaka maziwa yakafanya utando. Sikumsaidia, na sijui kama nilifanya vizuri. Hatimaye akautoa utando kwa kijiko, akauweka kando ya sinki, akaenda chumbani na kikombe chake kwa mikono miwili. Nilimfuata hadi kwenye korido. Mlango aliuacha wazi. Alikaa ukingoni mwa kitanda akiwa amenipa mgongo, mgongo wote, kiasi cha kumziba bibi uso. Niliona mabega yake yakipanda na kushuka. Niliona mkono wa bibi ukitoka chini ya blanketi, ukampapasa mgongoni, ukashuka, ukatulia juu ya shuka. Mdomo wa mama sikuuona, wala wa bibi. Ningeweza kuzunguka hadi upande wa dirisha nikaona. Nilibaki pale nilipokuwa.

Bibi alifariki wiki hiyohiyo, mchana, mama akiwa amekwenda kununua dawa. Mama mdogo, ambaye neno lolote lililosemwa mbele yake liko salama, asubuhi ile ya maziwa alikuwa kwake akifua.

Nimemuuliza mama, si mara moja, alimwambia nini mle ndani, na alimwitaje. Mara ya mwisho nilimuuliza juzi. Aliacha alichokuwa akikifanya, akaifuta mikono yake ili aashirie vizuri.

"Nilimwambia maziwa tayari."

Mikono yake ikabaki hewani kana kwamba kuna neno lingine linafuata. Nikasubiri. Akaishusha.